Beberu anawapanda kondoo wangu: je, watazaa?

SWALI: Nafuga mbuzi 22 na kondoo jike 9 katika zizi moja. Beberu ninaye mmoja. Kondoo dume nilimuuza mwezi Novemba, nimebaki na mwanakondoo dume wa asili ambaye sasa anakaribia mwaka. Beberu huwapanda kondoo mara kwa mara, nao husimama bila kukimbia. Tarehe 10 Juni kondoo mmoja alizaa mtoto mwenye nywele fupi kama mbuzi, mkia mwembamba kuliko wa mama yake, na vijinyama viwili vinavyoning'inia shingoni. Majirani wanasema ni mtoto wa beberu. Tena mbuzi wangu wawili walipandwa machungani na kondoo dume wa jirani, Dorper mwenye kichwa cheusi. Nikadhani wameshika mimba, maana hawakurudi kwenye joto (hali ya kutaka dume), lakini baada ya miezi miwili hivi wote wawili wakarudi. Mbuzi na kondoo huzaliana kweli? Na huyu mtoto nimfanyeje?

JIBU: Majirani wanamsingizia beberu. Kwa maelezo uliyotoa, mtoto huyo karibu hakika ni kondoo mtupu, na baba yake anaweza kutafutwa kwa kuhesabu siku tu, kama tutakavyofanya hapa chini. Jambo lenye uzito liko kwa wale mbuzi wawili uliowataja mwishoni kana kwamba ni habari ndogo. Kama kuna mahali katika zizi lako ambapo damu ya mbuzi na ya kondoo imekutana, basi ni katika matumbo ya hao mbuzi, na hakuna aliyeona kitu.

Kupandana na kuzaana ni mambo mawili. Mbuzi na kondoo waliofugwa pamoja hupandana sana. Mfugaji yeyote wa zizi la mchanganyiko ameshaona. Kuzaa mtoto hai kutokana na hapo ni tukio la nadra mno, na uwezekano wake unategemea nani ni dume na nani ni jike.

Beberu akimpanda kondoo jike, mara nyingi hakuna kinachotokea. Mbegu za beberu hazifaulu vizuri kurutubisha yai la kondoo, na yai lililorutubishwa kwa bahati hufa mapema sana, kabla mwili wa kondoo haujatambua kwamba una mimba. Kwa sababu hiyo kondoo hurudi kwenye joto kwa ratiba yake ya kawaida, siku 17 hivi baadaye, kana kwamba hakupandwa.

Kondoo dume akimpanda mbuzi jike, mambo ni mengine. Hapa urutubishaji hufanikiwa mara nyingi. Kiinitete hushika, mbuzi huacha kuingia kwenye joto, na mfugaji huanza kuhesabu miezi mitano. Lakini mimba hiyo huharibika, kwa kawaida kati ya wiki ya 5 na ya 10. Kijusi kikifa kikiwa kidogo hunyonywa na mwili wa mama, au hutoka usiku pamoja na ute kidogo na mbwa wakamaliza ushahidi. Baada ya hapo mbuzi hurudi kwenye joto. Mzunguko wa mbuzi ni siku 21. Wako hawakurudi siku ya 21, walirudi baada ya miezi miwili, na huo ndio mwendo wa mimba ya kondoo dume ndani ya mbuzi. Zipo sababu nyingine zinazoweza kuleta picha hiyohiyo, na nitazirudia, kwa kuwa moja yake inaweza kukuambukiza hata wewe.

Kwa nini mimba hufa? Maelezo yanayotolewa haraka ni hesabu ya kromosomu, yaani vifurushi vinavyobeba urithi ndani ya kila seli. Kondoo ana 54, mbuzi ana 60, mtoto wao huwa na 57: 27 za upande wa kondoo na 30 za upande wa mbuzi. Hesabu hiyo ni sahihi, ila haitoshi kueleza kifo. Farasi ana kromosomu 64 na punda 62. Nyumbu, yaani mtoto wa punda dume na farasi jike, ana 63, na bado huzaliwa mzima, hukua na kubeba mizigo miaka mingi. Tena tofauti ya kondoo na mbuzi ni ndogo kuliko inavyoonekana kwenye tarakimu, kwa sababu kondoo ana jozi tatu za kromosomu kubwa ambazo kila moja ni jozi mbili za mbuzi zilizoungana. Vitu vilivyomo ni karibu vilevile, ufungashaji ndio uliobadilika.

Kinachoua hasa ni kondo la nyuma na kinga ya mama. Kwa mbuzi na kondoo, kondo halishiki mji wa mimba kwa upande mmoja mpana. Hushika kwa vinundu vingi vilivyotawanyika, na chakula na hewa hupitia hapo. Katika mimba ya mchanganyiko vinundu hivyo havikui sawasawa, na mishipa yake haitoshi mahitaji ya kijusi kinachoongezeka kila wiki. Zaidi ya hayo, mwili wa mbuzi unaweza kutengeneza kingamwili dhidi ya chembe nyekundu za damu ambazo kijusi kimezirithi kwa baba kondoo. Mbuzi aliyepandwa hivyo mara kwa mara anaweza kuwa na kingamwili nyingi zaidi kila mimba. Kwa hiyo kumwachia mbuzi kondoo dume tena na tena ukitumaini "safari hii itashika" hakusaidii.

Wachache sana wamewahi kupenya vizuizi hivyo vyote. Mfano unaojulikana zaidi barani kwetu ni wa Botswana, uliotangazwa mwaka 2000: mbuzi jike aliyekuwa akiishi na kondoo alizaa dume baada ya kupandwa na kondoo dume. Madaktari wa mifugo walimpima wakakuta kromosomu 57. Alikuwa na miguu mirefu kama ya mbuzi, mwili mzito kama wa kondoo, nywele ngumu juu na sufi chini yake. Alikua haraka, akawa na uchu usio wa kawaida: alipanda mbuzi na kondoo, wenye joto na wasio na joto, hadi akahasiwa alipofika miezi 10 kwa usumbufu wake. Pamoja na juhudi hizo zote, hakuzalisha.

Utasa wake una kanuni. Mwaka 1922 mwanasayansi J. B. S. Haldane aliandika kwamba spishi mbili zinapochanganyika na jinsia moja ya watoto ikawa tasa au ikakosekana, huwa ni ile yenye kromosomu mbili za jinsia zisizofanana. Kwa wanyama wanaonyonyesha hiyo ni dume. Ndiyo maana simba dume akizaa na chui milia jike katika bustani za wanyama, watoto wa kiume huwa tasa ilhali wa kike wengine huzaa. Kwa mbuzi na kondoo pia, wapo majike wachache wa mchanganyiko waliowahi kuzaa waliporudishiwa kondoo dume. Kwa mfugaji hilo halina faida yoyote. Usichanganye jambo hili na mbuzi chotara wa kawaida. Mbuzi wa Malya, kwa mfano, aliyetengenezwa Tanzania kwa kuchanganya Kamorai, Boer na mbuzi wa asili, ni mchanganyiko wa koo za spishi moja. Wote wana kromosomu 60, wanazaana bila kizuizi, na nguvu ya chotara anayoifuata mfugaji inapatikana hapo.

Sasa tumtafute baba wa mtoto wako. Mimba ya kondoo huchukua wastani wa siku 147, na walio wengi huzaa kati ya siku ya 144 na ya 152. Toa siku 147 kwenye tarehe 10 Juni, unapata tarehe 14 Januari. Dirisha lote ni kuanzia tarehe 9 hadi 17 Januari. Dume uliyemuuza Novemba hakuwepo, mfute. Waliobaki ni wawili: mwanakondoo wako dume na Dorper wa jirani.

Mwanakondoo wako, kama sasa anakaribia mwaka, mwezi Januari alikuwa na miezi sita au saba. Wafugaji wengi humwona huyo bado mtoto. Mwili wake haujui hivyo: kondoo dume aliyelishwa vizuri anaweza kuzalisha akiwa na miezi minne au mitano, na beberu mchanga hata mapema kidogo kuliko hapo. Mimba nyingi "zisizo na baba" katika mazizi yetu ni za hawa watoto wanaoachwa na mama zao na dada zao mpaka sikukuu ifike. Lakini wewe umesema mtoto ana mkia mwembamba kuliko mama yake, na dume lako ni wa asili, bila shaka mwenye mkia wa mafuta. Dorper alitengenezwa Afrika Kusini miaka ya 1930 kwa kuchanganya Dorset Horn wa Uingereza na kondoo wa Persia mwenye kichwa cheusi, na Dorset ana mkia mwembamba. Mtoto wa Dorper na kondoo wa mkia wa mafuta huangukia katikati. Dau langu liko kwa dume la jirani. Uliza tu kama mwezi Januari mifugo yenu ilikutana malishoni au kwenye lambo.

Nywele fupi zisikubabaishe. Kondoo wetu wa Kimaasai, wa Kisomali na wa Persia wana nywele, hawana sufi ya kukatwa, na wakiwa wadogo ukiwaona kwa mbali huwezi kuapa. Vijinyama vya shingoni navyo watu huvihesabu kuwa alama ya mbuzi, lakini hutokea pia kwa kondoo wa nywele wa Afrika. Alama za kuaminika ziko mahali ambapo watu hawaangalii. Mshike mtoto, mweke kwenye mwanga, kagua hivi:

Anza na mdomo wa juu. Kondoo ana mfereji ulio wazi unaoshuka kutoka katikati ya pua hadi ukingo wa mdomo, kana kwamba mdomo umegawanywa. Wa mbuzi hauna mfereji huo. Kisha angalia mbele kidogo ya kona ya ndani ya jicho. Kwa kondoo kuna kishimo kidogo chenye ngozi laini, na kwa mkubwa hutoa uchafu wa mafutamafuta. Mbuzi hana. Mgeuze umlaze, tazama kinena, pale paja linapokutana na tumbo karibu na chuchu: kondoo ana mikunjo miwili kama vimfuko, ambayo mbuzi hana. Mwisho tenganisha kwato. Juu kidogo ya mpasuko, kwa mbele, kondoo ana kitundu kidogo kinachoweza kuingiza ncha ya kijiti cha kiberiti, na kipo kwenye miguu yote minne. Usikichokoe, tazama tu. Mkia mtazame akiwa amesimama na ametulia: wa mbuzi huinuka, wa kondoo huning'inia.

Ukikuta alama zote za kondoo, maliza shauri. Zikichanganyika, kwa mfano mfereji upo mdomoni lakini kinena hakina mikunjo na mkia unasimama, hapo kuna sababu ya kupima. Kipimo kinachokata maneno ni cha kuhesabu kromosomu kwenye damu, na kinahitaji seli zilizo hai. Damu iingie kwenye chupa ya heparini (dawa ya kuzuia damu isigande), kwa kawaida yenye kifuniko cha kijani, si ile ya zambarau inayotumika kwa vipimo vingine vya damu. Isigandishwe kwenye friza. Ikae kwenye ubaridi wa kawaida na ifike maabara ndani ya siku moja au mbili. Damu iliyokufa njiani haitoi jibu. Kipimo cha vinasaba ni rahisi kusafirisha, kwani nywele zilizong'olewa na mizizi yake zinatosha, lakini chukua pia za mama na za dume unayemshuku. Kabla hujatoa hela, muulize ofisa mifugo wa kata ni maabara gani inapokea sampuli ya namna hiyo kwa sasa.

Huenda majirani wamekuonyesha pia picha za mtandaoni za mnyama mwenye mabaka ya sufi na mabaka ya nywele za mbuzi. Yule si mtoto wa kupandana. Mwaka 1984 watafiti wa Cambridge, Uingereza, walichukua viinitete vya mbuzi na vya kondoo vikiwa bado mafundo ya seli chache wakavigandamanisha kuwa kimoja. Mnyama aliyezaliwa alikuwa na wazazi wanne: sehemu moja ya mwili wake ilikuwa mbuzi kamili, nyingine kondoo kamili. Kwa mchanganyiko wa kweli, kila seli ina nusu kwa nusu. Na zile habari za mbuzi aliyezaa kiumbe chenye sura ya mtu ni ulemavu wa kuzaliwa, ambao huletwa na urithi mbaya, virusi au mimea ya sumu iliyoliwa mimba ikiwa changa, au ni kijusi kilichojaa maji kikavimba uso. Mbuzi hawezi kushika mimba ya binadamu kwa njia yoyote.

Kwa nini basi beberu wako anahangaika na kondoo, nao wanasimama? Umejijibu mwenyewe: kondoo dume mkubwa hayupo. Kondoo jike mwenye joto hana makelele. Mbuzi jike hulia, hupepea mkia, huacha kula. Kondoo hutafuta dume kimyakimya na kusimama karibu naye kwa saa 24 hadi 36. Dume wa aina yake asipokuwepo, husimama kwa aliyepo. Beberu naye hunusa mkojo wa kondoo, hukunja mdomo wa juu kama anavyofanya kwa mbuzi, na harufu humwambia kwamba jike yuko tayari. Lugha zao za uchumba zinafanana kwa kiasi kikubwa. Imeonekana hata kwamba harufu ya beberu inaweza kuamsha homoni za uzazi za kondoo jike aliyekuwa nje ya msimu wa joto.

Uhaba wa dume au jike wa aina yake ndio chanzo cha mengi ya namna hii, hata porini. Kenya kuna mfano mzuri. Punda milia jike aliyetoka Tsavo Mashariki alihamia kwenye mifugo ya wanakijiji akaishi na ng'ombe na punda. Mwaka 2019 shirika la kuhifadhi wanyamapori la Sheldrick Wildlife Trust lilimhamishia Hifadhi ya Chyulu, na mwaka 2020 akaonekana na mtoto mwenye milia miguuni tu na mwili wa kahawia. Hesabu ya miezi 12 ya mimba ilirudi moja kwa moja kule alikokuwa akilala na punda. Laikipia, madume ya punda milia wa Grevy, ambao ni wachache, yamezalisha na majike ya punda milia wa kawaida walio wengi, na watoto hukulia katika makundi ya mama zao. Hao wa Laikipia wanaendelea kuzaa kwa sababu ni ndugu wa karibu: kromosomu 46 kwa 44. Gombe kima wa bluu na kima mkia mwekundu nao wamechanganyika, na machotara wao wanazaa. Kondoo na mbuzi wameachana mbali zaidi ya hapo.

Chanzo cha pili ni malezi, na hiki wafugaji hukitengeneza kwa mikono yao. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 1998, wana-mbuzi walinyonyeshwa na kondoo na wanakondoo wakanyonyeshwa na mbuzi tangu kuzaliwa. Walipokua, madume walipenda majike ya spishi ya mama mlezi. Walirudishwa kuishi na wenzao wa damu, na baada ya miaka mitatu bado walikuwa vilevile. Majike nao walipinda mwanzoni, lakini ndani ya mwaka mmoja au miwili walirudi kwa wenzao. Kwa hiyo jiulize huyo beberu wako alilelewa na nani. Kama aliachwa yatima akanyonya kondoo, humbadilishi. Yatima jike mpe mama yeyote mwenye maziwa. Yatima dume aliyenyonya kwa spishi nyingine mhesabu tangu siku hiyo kuwa wa nyama, mhasi, usimtegemee kwa mbegu.

Kuhusu cha kufanya, la kwanza ni kutafuta kondoo dume. Majike 9 ni wachache kwa dume mmoja, ambaye huweza kuhudumia 25 hadi 30, kwa hiyo azima au shirikiana na mwenzako badala ya kununua peke yako. Muweke siku 35 mfululizo, yaani mizunguko miwili kamili ya kondoo, kisha mrudishe. Dume kijana uliye naye mwondoe kwa majike, kwa kuwa pengine nusu yao ni mama na dada zake.

Mbuzi na kondoo walale mbalimbali. Hata uzio wa miba katikati ya zizi unatosha kuzuia mapando ya alfajiri. Faida nyingine ya kuwatenga ni chumvi ya kulamba: mbuzi anahitaji madini ya shaba kuliko kondoo, na chumvi iliyotengenezwa kwa ajili ya mbuzi humrundikia kondoo shaba kwenye ini mpaka siku moja anakufa ghafla, macho na fizi vikiwa manjano.

Mchana machungani huwezi kuwatenga, hapo tumia aproni kama wafanyavyo Wamaasai: kipande cha ngozi au turubai ngumu kinachoning'inia chini ya tumbo mbele ya uume, kikafungwa kwa kamba juu ya mgongo. Kiwe kipana kiasi cha kuzidi tumbo pande zote mbili na kishuke hadi karibu na magoti. Kikiwa chembamba hugeukia ubavuni na dume hufanya kazi yake. Kikibana mno, mkojo hulowesha nywele, ngozi hubabuka, nzi hutaga na funza huingia. Kifungue kila siku mbili, kikaushe juani, kagua ngozi. Mfugaji anayefunga na kusahau huishia na dume mwenye kidonda asiyeweza kupanda hata anapotakiwa.

Madume yasiyo ya mbegu yahasiwe kwa burdizo (koleo la kubana mishipa ya mbegu bila kukata ngozi) yakiwa na miezi miwili au mitatu. Shika mshipa wa mbegu mmoja pembeni mwa pumbu, bana sekunde 10, rudia sentimita moja chini ya pale, halafu nenda mshipa wa pili. Usibane mishipa yote miwili kwa pamoja wala kupitisha alama ya kubana katikati ya pumbu, kwa sababu damu ya ngozi itakatika na pumbu litaoza. Kosa la kawaida ni mshipa kuteleza kabla ya taya kufunga: baada ya wiki sita korodani inatakiwa iwe imesinyaa, ikiwa bado imejaa, hakuhasiwa. Katika wiki hizo sita asikae na majike, na usishangae hata baadaye akipandapanda. Tabia hubaki, mbegu haipo.

Nabaki na mbuzi wako wawili. Mimba ya mchanganyiko ndiyo naishuku, ila usiishie hapo. Je, waliwahi kupewa dawa ya minyoo ya albendazo ndani ya mwezi wa kwanza baada ya kupandwa? Dawa hiyo huharibu mimba changa, na watu wengi hunywesha kundi zima bila kujua nani amebeba. Je, palikuwa na njaa kali, au homa iliyopita kijijini? Sotoka ya mbuzi na homa ya bonde la ufa hutupisha mimba, lakini ungeona na wengine wakiugua au wakitupa. Brusela, ugonjwa wa bakteria wa kutupisha mimba, kwa kawaida hutupisha mwezi wa nne au wa tano, si wa pili, kwa hiyo haifanani sana na kilichotokea kwako. Bado ningewapima damu, kwa sababu dume wa jirani anayepanda mazizi matatu manne ni msambazaji mzuri wa magonjwa ya uzazi, na brusela humpata mtu kwa maziwa mabichi na kwa kushika vilivyotoka tumboni.

Wakiwa salama, wasubiri joto la pili kisha wape beberu wako, ukiandika tarehe. Aliyepandwa na beberu akirudi siku ya 21, hakushika. Asiporudi siku ya 21 wala ya 42, hesabu siku 150 toka siku ya kupandwa. Asiporudi siku ya 21 halafu akarudi kati ya siku ya 40 na ya 70, na una hakika hakukutana na Dorper, hapo tatizo ni la ugonjwa au lishe na ni kazi ya daktari wa mifugo. Akitupa mimba wakati wowote, vaa glovu au mifuko ya plastiki mikononi, funga kilichotoka pamoja na kondo, peleka kipande kwa ofisa mifugo kikiwa kwenye barafu, na kilichobaki kichome au kifukie kina ambacho mbwa hawafikii. Yule mtoto wa tarehe 10 Juni mwache anyonye.